Sindano Isiyogusa Uti
Mada kwa wakalimani wa afya, kambi ya Dzaleka, Malawi



Kiswahili chetu kinasema "homa ya uti wa mgongo", na daktari akitaka maji ya kupima tunamwambia mgonjwa atachomwa "sindano ya uti". Mama mmoja aliyempeleka mwanawe Lilongwe kutoka hapa kambini aliniuliza, "Wakimchoma uti, atatembea tena?" Jibu la daktari nililitafsiri vibaya, maana mimi mwenyewe sikujua uti unaishia wapi.

Kiuno kina pingili tano. Kwa mtu mzima uti hukoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili. Chini ya hapo imebaki mizizi ya neva inayoelea ndani ya maji, mfano wa nywele za mkia wa farasi, na sindano ikiingia, mizizi hiyo kwa kawaida husogea kando. Ndiyo maana daktari hupita kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Uti wa mtoto mchanga hufika chini zaidi, karibu na pingili ya tatu, kwa hiyo kwake nafasi za chini kabisa ndizo salama.

Simameni, mshike kiuno. Papaseni ncha za juu za mifupa ya nyonga: mstari unaoziunganisha hupita kwenye pingili ya nne au chini yake kidogo. Mwonyesheni mgonjwa mahali hapo kwa kidole, kisha semeni "sindano ya kiunoni, chini ya uti".

Uchaguzi huo wa maneno una uzito Malawi. Homa ya uti wa mgongo ya kuvu ya kriptokokasi, inayowapata hasa wenye VVU walioishiwa kinga, hupandisha shinikizo kichwani, na kutoa maji kiunoni, mara nyingine kila siku, hulishusha. Lilongwe ilikuwa miongoni mwa miji ya utafiti uliochapishwa 2022, ulioonyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini pamoja na vidonge inatosha badala ya siku nyingi za dripu. Lakini hata hapo maji lazima yatolewe. Anayekataa sindano kwa kuogopa neno "uti" anaweza kupofuka au kufa.

Sindano si sababu pekee ya kuzijua pingili za chini za kiuno: ndizo zinazobeba mzigo wa mwili, na diski zake mbili za mwisho ndizo zinazochomoza mara nyingi. Diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano ikibana neva, maumivu hushuka mguuni na kidole gumba hushindwa kuinuka. Wengi hupona bila upasuaji. Ila mkojo ukiziba, au ganzi ikishika sehemu zinazokalia tandiko, hiyo ni dharura ya leo, si ya kesho. Kijana anayemtafsiria mtu wa umri wa baba yake huona haya hapo, akaliruka swali. Liulizeni: "Mzee, mkojo unatoka vizuri? Ukijipangusa chooni, unahisi mkono wako?"