Kamera za Getini
Msikilizaji, ukipita Barabara ya Othaya hapa Kileleshwa, ambako nyumba za bustani zimepisha magorofa, kamera hukuona kabla bawabu hajakusalimu. Chombo hiki kilitumika vitani: mwaka 1942 Wajerumani walikitumia kutazama roketi za V-2 zikirushwa, wao wakiwa mbali na hatari. Hapa kwetu Kenya, baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate la Septemba 2013, serikali iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kazi ya kufunga kamera za polisi katika miji ya Nairobi na Mombasa.

Lakini za nyumbani ndizo zinazonigusa zaidi. Kinasa picha kikijaa hufuta za zamani ili kupisha mpya. Kwa hiyo ukiibiwa, omba picha zihifadhiwe siku hiyo hiyo, kisha uripoti polisi. Hakikisha saa ya mtambo ni sahihi, na ubadilishe nywila iliyowekwa kiwandani, maana wezi wa mtandaoni wanaijua. Usielekeze kamera kwenye dirisha la jirani, tafadhali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu, hata mama fua anayeingia asubuhi, haki ya kuelezwa kwamba anarekodiwa na ya kuomba kuona picha zake. Weka kibao getini, kwa herufi kubwa.