Kikombe cha Sabuni

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira)

Akina mama, wazee wetu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka.

Niliombwa nizungumze juu ya mashindano ya mpira ambayo vikundi vyetu vinataka kuanzisha, Kisii na Nyamira pamoja. Nikaambiwa pia kwamba kuna jambo limewagawanya. Mheshimiwa mmoja amejitolea kununua kikombe, mipira na jezi, na anaomba kikombe kiitwe jina lake. Wengine wanasema tupokee, wengine wanasema hapana. Nimewaletea habari za kikombe kingine, cha kweli, cha zamani, halafu nitasema ninavyoona mimi.

Tarehe 1 Mei 1926, huko Nairobi, timu ya Kenya na timu ya Uganda zilikutana uwanjani kwa mara ya kwanza. Hebu fikirieni safari ya wale Waganda. Siku hizo reli ilikuwa haijafika Kampala. Ilifika mwaka 1931. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda meli, kuvuka ziwa hadi Kisumu hapa kwetu Nyanza, kisha gari moshi kupanda mpaka Nairobi. Siku hizi kijana akiambiwa mechi iko Keroka anauliza kwanza nani atalipa nauli ya matatu!

Mechi ilikwisha 1-1. Ikarudiwa, Kenya ikashinda 2-1. Kombe la Dunia lilikuwa bado halijazaliwa, maana lilianza 1930. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuja 1957. Kwa hiyo wakati babu zetu walikuwa wanalipa kodi ya nyumba, na Kisii ilikuwa boma la wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, Afrika Mashariki ilikuwa tayari ina mashindano yake ya mataifa. Tanganyika ikaingia 1945, na Zanzibar ikafuata baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1940.

Sasa, kikombe chenyewe kiliitwaje? Kiliitwa Gossage Cup. Huyo Gossage alikuwa nani? Si gavana, wala si mchezaji. William Gossage alikuwa Mwingereza mwenye kiwanda cha sabuni katika mji wa Widnes, na sabuni yake iliuzwa mpaka makoloni. Tena alikufa mwaka 1877, karibu miaka 50 kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa. Mtu hajawahi kuuona uwanja wa Nairobi, amelala kaburini, na kila mwaka mataifa yanatoana jasho kwa jina lake, kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyotoa kikombe.

Jina hilo lilikaa. Kenya tulipata uhuru 1963, bendera ikapandishwa, lakini wachezaji wetu waliendelea kugombania kikombe cha sabuni mpaka 1966. Mwaka 1967 ndipo kilipobadilishwa jina kikawa Challenge Cup ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1973 kikawa kikombe cha CECAFA, ambacho Kenya imechukua mara 7 na Uganda mara 15. (Wazee mnaokumbuka 1981, 1982 na 1983, tulipochukua mara tatu mfululizo, msinianzishie hadithi za kipa Mahmoud Abbas sasa. Tutazisikia wakati wa chai.)

Mnaona basi. Kikombe ni kitu cha siku moja dukani, lakini jina lililoandikwa juu yake laweza kukaa miaka 40.

Kuna mtu atasema, "Lakini dada, ubaya uko wapi? Sabuni ilitoa kikombe, vijana wakacheza." Ni kweli. Mimi sisemi mfadhili ni mtu mbaya. Hata Shabana yetu ilianza 1980 ikibeba jina la duka la vifaa vya ujenzi pale Kisii mjini. Duka liliwapa watu timu, na watu wakaichukua ikawa yao, wakaiita Tore Bobe, wakaifuata hata ilipokuwa nje ya ligi kuu, mpaka iliporudi 2023. Mwenye duka alitaka tumjue anauza misumari na mabati. Sabuni nayo ilitaka tuoge. Lakini sabuni haigombei kiti. Hapo ndipo pana tofauti, na hapo ndipo nina jambo la kuwaambia ambalo si tamu kwangu.

Miaka iliyopita, katika parokia moja ambayo sitaitaja, mimi ndiye niliyetia sahihi kupokea jezi kutoka kwa mgombea. Nilifurahi. Tulikuwa hatuna hata mpira mmoja mzima. Jezi zilipofunguliwa, picha yake iko kifuani, kubwa kama sahani. Timu ya ng'ambo ya mto, ambao mtu wao alikuwa anashindana naye, wakasema hawatamvaa. Tukawabembeleza. Siku ya fainali walikuja na mashati yao ya nyumbani, upande mwingine ukawazomea, na kabla ya refa kupuliza kipenga mawe yalikuwa yanaruka. Kijana mmoja alirudi nyumbani kichwa kimefungwa bendeji. Akina mama wa kikundi cha hapo walikuwa wamekopa unga na mafuta wapike chapati za kuuza uwanjani. Chapati zilikanyagwa. Lile deni la unga walililipa kwa miezi minne, kidogo kidogo, kutoka pesa zao za majani chai. Mgombea hakuonekana tena. Mimi niliwaona kila Jumapili.

Kwa hiyo mkiniuliza, nasema tusipokee. Si kwa sababu ya mheshimiwa huyu. Huenda ana moyo mzuri. Ni kwa sababu uchaguzi wa 2027 uko njiani, na mashindano haya tuliyataka ili vijana wa Kisii na wa Nyamira, na majirani wetu wa upande wa Sotik, wajuane kwa majina kabla mtu hajawapa sababu ya kuogopana. Wazee wa Borabu mnajua ninachosema. Mnakumbuka mipaka ilivyowaka 1992. Kikombe chenye jina la mtu wa chama fulani hakiwezi kuvuka mpaka ule. Mpira mtupu unaweza.

Kama anataka kusaidia kweli, aje uwanjani kama wengine, alipe kiingilio kama kipo, anunue chapati.

Pesa je? Tuhesabu pamoja. Vikundi vilivyo hapa ni 14. Tuseme kila kimoja kina watu 20, na kila mtu atoe shilingi 50. Hiyo ni 14,000. Si nyingi, lakini ni mipira, ni nyavu, ni nauli ya marefa, na ni mbuzi wa mshindi. Mimi napenda mbuzi kuliko kikombe. Mbuzi huliwa siku hiyo hiyo na timu zote mbili zikikaa pamoja, na hakuna wa kumwandika jina. Lakini nikisema hivyo vijana wananikunjia uso, wanataka kitu cha kuinua juu wapigwe picha. Haya, kikombe kidogo pia, na tuelewane leo kitaitwaje. Naomba tu kisiitwe jina la mtu aliye hai.

Mweka hazina wa akina mama amekuja na daftari. Baada ya chai atakaa pale mezani, na kila kikundi kitasema kiasi chake mbele ya wote, kiandikwe. Wenye kupinga nao waseme mbele ya wote. Nyinyi wa karibu na mlango, sogeeni huku kwanza, maana timu ni zenu.