Fosfeti Ikishuka Mno, Aulizwe Mgonjwa Anakula Nini

Nasaha kwa wakazi wa kata kuhusu lishe ya wagonjwa wa figo



Katika nyumba zinazouguza mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, neno fosfeti si geni. Figo nzima huyatoa madini hayo kwa mkojo yanapozidi. Figo zikishindwa kazi, hulundikana katika damu, yakadhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa. Mashine, ambayo wagonjwa wengi huitumia mara 3 kwa wiki kwa takribani saa 4, huondoa sehemu tu. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa masharti ya chakula, na pengine vidonge vya kuzuia fosfeti isiingie katika damu.

Lakini fosfeti ina hatari ya upande wa pili, isiyosemwa sana. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takribani milimoli 0.8 hadi 1.45 kwa lita moja ya damu. Mgonjwa akipimwa kabla ya kusafishwa damu na kukutwa chini ya hapo, jamaa hufurahi wakidhani masharti yamezaa matunda. Furaha hiyo yaweza kuwa ya mapema. Mara nyingi kipimo hicho huashiria kwamba mgonjwa hapati chakula cha kutosha, au kwamba vidonge vimezidi kile anachokula. Tafiti zimeonesha kuwa vifo huongezeka kwa wagonjwa wenye fosfeti ya juu sana, na vilevile kwa wenye fosfeti ya chini sana.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Fosfeti na protini hukaa pamoja katika nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage. Familia yenye hofu ikivipiga marufuku vyote, mgonjwa akabaki na wali mtupu na chai ya rangi, fosfeti itashuka kweli, lakini misuli nayo itayeyuka. Fosfeti ikipungua mno, mwili hukosa nguvu, hata misuli ya kupumulia hulegea.

Njaa ya namna hii hujificha. Maji yanayobaki mwilini huongeza uzito, hivyo mizani yaweza kusoma kilo zilezile ilhali nyama ya mwili imekwisha. Dalili zitazamwe kwingine: mashavu yaliyobonyea, mikono iliyokonda, nguo zinazopwaya, sahani inayorudi jikoni na chakula chake.

Mgonjwa anayesafishwa damu huhitaji protini nyingi kuliko alivyohitaji kabla ya kuanza mashine, kwa kuwa sehemu yake hupotea katika usafishaji. Miongozo ya wataalamu hutaja gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72. Ute mweupe wa yai hutoa protini nzuri yenye fosfeti kidogo sana. Kipande cha kuku au samaki kina nafasi yake kwa kiasi kilichopangwa. Vinavyostahili kuepukwa kwanza ni soda nyeusi za kola, soseji na vyakula vya viwandani vilivyotiwa fosfeti, kwa kuwa fosfeti hiyo hufyonzwa karibu yote.

Vidonge vya kuzuia fosfeti hufanya kazi pamoja na chakula. Mgonjwa asiyekula amweleze daktari mapema, wala asiviongeze au kuviacha kwa uamuzi wake. Aidha, asianze kula vyakula vyenye fosfeti nyingi ili kupandisha kipimo, kwani baadhi yake vina potasiamu nyingi, inayoweza kusimamisha moyo.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humuumbua. Anayeuguza asione haya kusema kwamba mgonjwa amekosa hamu ya kula, au kwamba nyumbani hakuna cha kumpikia. Amweleze muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu, na aombe kuonana na mtaalamu wa lishe. Siku ya majibu, swali lisiishie kwenye fosfeti imeshuka kiasi gani. Iulizwe pia imeshuka kwa nini.