Kutoka Isanga Hadi Kiwangwa



Taasisi ya Isanga, Dodoma, hutunza watu waliotenda makosa wakiwa wagonjwa wa akili. Daktari aweza kuthibitisha kwamba mgonjwa ametulia. Hawezi peke yake kuthibitisha kwamba kijiji kiko tayari kumpokea.

Mtu akirudi Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi, dawa atazipata wapi? Nani atatambua kwamba ameacha kuzinywa? Jamaa za aliyedhuriwa wameelezwa?

Kumwachia bila majibu ni kuwahatarisha wananchi. Kumzuia kwa sababu hakuna aliyeuliza ni kumfunga mtu aliyepata nafuu. Basi familia, zahanati, ofisa ustawi wa jamii na serikali ya kijiji washauriane kabla ya siku ya kutoka, si baada ya maafa.