Kabla ya Ripoti ya Ufanano: Nafasi ya Mkutubi katika Kujenga Uadilifu wa Kitaaluma



Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizinduliwa Novemba 2018. Ilijengwa kwa msaada wa China, ina nafasi ya watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja na ya vitabu 800,000. Tunajivunia jengo lile, na tuna haki. Lakini katika chuo chetu chochote, mwanafunzi anaweza kukaa maktaba miaka mitatu akisoma madesa ya waliomtangulia, akahitimu bila kujua kutafuta makala kwenye kanzidata wala kutenganisha maneno yake na ya mwenzake. Ninashikilia kwamba sehemu kubwa ya wizi wa kitaaluma hutokana na stadi ambazo hazikufundishwa zilipohitajika, na kwamba mkutubi ndiye aliye karibu zaidi na mahali pa kuzifundishia.

Tatizo la kwanza ni wakati. Mafunzo ya maktaba huwekwa wiki ya kwanza, mwanafunzi anapohangaikia usajili, chumba na mkopo. Anaonyeshwa rafu, kaunta ya kuazimia na nywila, kisha anaondoka. Hana swali la utafiti, kwa hiyo hana pa kuyashikiza anayoambiwa. Swali linapokuja, mwaka wa tatu, anapoandika pendekezo la utafiti, hakuna aliyempangia kuonana na mkutubi. Anakwenda stesheneri iliyo nje ya geti, anakopata kazi za zamani za kuigiza.

Laiti angekuja kwetu wakutubi siku ile! Chukua mwanafunzi wa afya ya jamii anayechunguza matumizi ya vyandarua Kilombero. Akiandika neno “malaria” peke yake, ataletewa makala maelfu kwa maelfu na atachukua tatu za juu. Mkutubi akikaa naye, swali linagawanywa: ugonjwa, kinga, mahali, kundi la watu. Kila sehemu inatafutiwa visawe. Kiunganishi cha “au” kinakusanya visawe hivyo, cha “na” kinabana matokeo hadi yasomeke. Makala nzuri ikipatikana, orodha yake ya marejeleo inamrudisha nyuma kwa waliotangulia, na walioinukuu wanamleta hadi leo. Nyingi ya makala hizo zimo HINARI, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Wanafunzi wengi hawajui kwamba mlango huo uko wazi kwao.

Sasa nije kwenye daftari, maana hapo ndipo uadilifu hupotea mapema kuliko tunavyodhani. Mwanafunzi hunakili aya kutoka makala, haweki alama za kunukuu, haandiki ukurasa. Baada ya wiki kadhaa hajui tena lipi lake. Na kwetu Tanzania kuna uzito mwingine: wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha kufundishiwa sekondari, na sasa wanadaiwa kuieleza upya hoja ngumu kwa lugha wasiyoimiliki vizuri. Wanabadilisha neno hapa na pale, muundo wa sentensi unabaki wa mwandishi. Mtu huyu simwiti mwizi kwa haraka. Ninampa zoezi: soma aya, funga makala, mweleze jirani yako kwa Kiswahili ilichosema, kisha iandike kutokana na maelezo yako, na utaje chanzo. Anayeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoiota usiku ameshalielewa, na aliyeelewa hana sababu ya kunakili.

Badala ya haya tumeegemea programu za kupima ufanano. Zina kazi yake, lakini kimsingi zinalinganisha mifuatano ya maneno. Asilimia kubwa inaweza kutokana na nukuu halali na orodha ya marejeleo. Ndogo inaweza kuficha wizi kamili. Kwa wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili hatari hii ni kubwa zaidi: aya ya Kiingereza iliyotafsiriwa neno kwa neno mara nyingi hupita bila kuguswa. Msimamizi akiridhika na namba, kazi ya mtu mwingine inapewa shahada. Kutafsiri bila kutaja chanzo ni wizi uleule, na hilo lisemwe darasani waziwazi.

Akili unde imeongeza jambo jingine: marejeleo yasiyokuwapo. Mwaka 2023, mahakama ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Walikuwa watu wenye leseni. Tusimtarajie kijana wa miaka 22 aligundue jambo hili bila kufundishwa kufungua kila chanzo anachokitaja, kuona jarida lipo, toleo lipo, ukurasa upo.

Mapendekezo yangu hayahitaji jengo. Vipindi viwili vya mkutubi viingizwe ndani ya somo la mbinu za utafiti, cha kwanza wiki wanapochagua mada, cha pili wanapoandika mapitio ya maandiko, na vyote vipewe alama. Kila pendekezo la utafiti liambatane na kumbukumbu ya utafutaji: kanzidata zilizotumika, maneno yaliyotafutwa, kilichoachwa na sababu. Msimamizi achague marejeleo matano bila kumtaarifu mwanafunzi, amwombe ayafungue mbele yake na aeleze kila moja linasema nini, kwa Kiswahili au Kiingereza, kabla ya ripoti yoyote ya ufanano kuchapishwa.