Klima ya gari ikifa: kwa nini tuitoe, na tuitoe namna gani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Komite ilituomba sisi tunaofanya kazi uwanjani tuseme juu ya kiyoyozi cha gari ya chama, au klima kama tunavyoiita hapa. Habari mnaijua. Haitoi baridi tena, na mbele ya injini kuna sauti ya kusaga. Katika komite mawazo yako matatu: wengine wanataka itengenezwe, wengine wanataka iachwe hivyo hivyo na tufungue madirisha, wengine wanataka itolewe. Sisi tunashauri itolewe, ila kwa utaratibu na kwa maandishi. Mtusikilize kwanza, halafu mtapiga kura.

Tuanze na kazi ya ile gari. Njo inapeleka mama mjamzito hospitali usiku. Njo inabeba mbegu msimu ukianza, na njo inapokea jamaa wanaoshuka boti wakitoka Kigoma na mizigo yao. Barabara ya Baraka mpaka Uvira mnaifahamu: Mboko, Swima, Makobola, mito, mawe na tope. Gari ikizimika katikati, mgonjwa hana gari ya pili. Kwa hiyo kila kitu kilicho ndani yake tukipime kwa swali moja: kinasaidia gari ifike, au kinaweza kuizuia isifike?

Sasa klima iliyokufa inazuiaje? Watu wengi wanafikiri ukizima kitufe, basi, imelala. Si hivyo. Kompresa, ile pampu ya klima, iko na puli mbele yake, na puli inazunguka wakati wote injini inapowaka, hata kama klima imezimwa. Inazunguka juu ya beringi. Ile sauti ya kusaga inatoka kwenye beringi. Siku itakayokwama, mkanda utateleza, utaungua, utakatika.

Na katika gari yetu mkanda ni mmoja tu. Unazungusha kompresa, unazungusha alteneta inayochaji betri, na unazungusha pampu ya maji inayopoza injini. Ukikatika, maji hayatembei tena. Dereva asipozima haraka, injini inachemka, kichwa cha injini kinapinda, gasketi inaungua. Wazee walisema kamba hukatikia pembamba. Pembamba pa gari yetu ni kitu ambacho hakitufanyii kazi yoyote.

Kuna jambo la pili. Mbele ya rejeta kuna rejeta nyingine nyembamba ya klima, mafundi wanaiita kondensa. Hewa inapita kwanza hapo ndipo ifike kwenye rejeta ya injini. Ikijaa vumbi, tope na majani, injini inapumua kwa shida, hasa ikiwa imebeba mzigo na inapanda mlima.

Kwa nini basi tusitengeneze? Kwa sababu kompresa ikiharibika ndani inatoa unga wa chuma, na ule unga unasambaa kwenye mabomba yote. Ukifunga kompresa nyingine bila kusafisha mabomba, bila kubadilisha kondensa na kichujio cha kukausha unyevu, na hiyo mpya itakufa upesi. Kwa hiyo bei ya kutengeneza haiishii kwenye piesi moja. Ni karibu klima nzima, na juu yake gesi mpya. Zile pesa ni matairi na mazuti ya safari nyingi.

Kama mkikubali, kazi ifuatane hivi.

Kwanza kabisa ni gesi. Mtu asiguse bomba hata moja kabla gesi haijapimwa. Klima kutotoa baridi si alama kwamba gesi imekwisha. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R12, inayoharibu tabaka la ozoni, na ambayo nchi zilikubaliana kuiacha kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Mengi yaliyofuata yanatumia R134a. Jina liko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kifuniko cha injini. Kama karatasi imetoka, tazameni midomo ya kujazia: ya R12 iko na nyuzi za kukazia nje, ya R134a ni laini, inashikwa kwa kubana.

Gesi hii si ya kuchezea. R134a inachemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikiruka kwenye jicho au mkono inagandisha nyama papo hapo. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kwenye shimo la garaji na kumnyima fundi pumzi. Ikikutana na moto wa kuchomelea inatoa moshi wa sumu. Kilo 1 ya hiyo gesi ikitoka angani, inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo sababu mwaka 2016, hapa jirani Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Na sisi tunaolima kwa kutegemea mvua tusiseme mambo ya hali ya hewa ni ya wengine. Basi aitwe fundi wa friji aliye na mashini ya kuvuta gesi na kuiweka kwenye chupa. Kama vipimo vinaonyesha mfumo umekwisha kuwa mtupu, aandike hivyo na kuweka sahihi.

Pili, betri ikatwe, mkanda ulegezwe, mabomba yafunguliwe kwenye kompresa, na kompresa itoke kwenye boliti zake. Midomo ya kompresa na ya mabomba izibwe siku hiyo hiyo. Mafuta yaliyo ndani yamwagwe kwenye kidumu. Yasimwagwe chini wala ziwani.

Tatu ni mkanda, na hapa fundi wa haraka haraka ndipo anapoharibu gari. Kompresa ikitoka, njia ya mkanda inabadilika. Ule wa zamani unakuwa mrefu mno. Kuna njia mbili: kuweka puli tupu pale kompresa ilipokuwa, na kubaki na mkanda uleule, au kupima njia mpya kwa kamba na kununua mkanda mfupi. Ukichagua mkanda mfupi, chunga mambo mawili. Mkanda ukumbatie puli ya alteneta na ya pampu vya kutosha, la sivyo utateleza. Tena pampu ya maji izunguke upande uleule wa zamani. Mkanda ukipita kwa mgongo pale ulipokuwa unapita kwa tumbo, pampu itazunguka kinyume na injini itachemka. Sisi tunapendelea puli tupu. Mkanda wake unajulikana namba, na hata dereva mgeni akiishiwa njiani anajua aulize upi.

Nne, kondensa itolewe mbele ya rejeta. Lakini feni ya umeme iliyo hapo iangaliwe kwanza: kama inasaidia kupoza na rejeta ya injini, inabaki. Waya wa kompresa ufungwe vizuri kwa utepe ili usiguse chuma.

Tano, ile sehemu iliyo ndani ya dashibodi iachwe. Kuitoa ni kufungua dashibodi nzima, na faida yake ni ndogo. Pale mabomba yalipopenya ukuta wa injini pazibwe kwa mpira, moshi na vumbi visiingie kwa abiria.

Tuseme pia tutakachopoteza, maana wafadhili wanapenda ukweli na wanachama wanaustahili. Klima inakausha hewa. Wakati wa mvua, watu wakijaa ndani, kioo cha mbele kinafunga ukungu, na klima ilikuwa inauondoa. Kwa hiyo feni ya ndani na hita lazima vifanye kazi, na dereva awe na kitambaa safi. Wakati wa kiangazi vumbi litaingia kwa madirisha, na mgonjwa mwenye homa atasikia joto. Hiyo ni hasara ya kweli. Tumeipima na hasara ya kukaa naye kando ya barabara usiku, na hii ya pili ni kubwa zaidi.

Mzee mmoja alituuliza: mtu akikupa zawadi, unaanzaje kuitoa vipande? Swali ni zuri. Wafadhili walitoa gari ili watu wafike. Kutoa kinachozuia kufika ni kuitunza zawadi. Lakini kila kipande kilichotoka bado ni mali ya chama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue mambo matatu:

1. Orodha ya vilivyotolewa iandikwe siku hiyo hiyo, mbele ya dereva, fundi na mjumbe mmoja wa komite.
2. Fundi alipwe kwa pesa na atoe risiti. Asilipwe kwa vipande.
3. Boliti na vishikio vya kompresa vihifadhiwe ndani ya sanduku lenye jina. Kondensa, mabomba na kompresa viuzwe kwa sahihi mbili, na pesa zake zinunue mkanda wa akiba unaokaa ndani ya gari siku zote.

Wengi wetu tuliishi Lugufu na Nyarugusu, na siku ya kurudi kila mtu alisimama mbele ya vitu vyake akichagua kipi kipande boti na kipi kibaki. Hesabu ya leo ni ile ile, na mnaijua kuliko sisi. Wenye kukubali itolewe, wainue mkono. Wenye kukataa nao wapewe nafasi ya kusema kwanza.