Kipimo cha Kingamwili Peke Yake Hakitoshi



Leo tunazungumzia kipimo cha damu kiitwacho ANCA. Daktari hukiagiza anaposhuku kwamba kinga ya mwili imegeuka na kuishambulia mishipa midogo ya damu, hasa ya figo, mapafu na pua. Maabara hutafuta kingamwili dhidi ya protini mbili za chembe nyeupe za damu, yaani PR3 na MPO.

Kuonekana kwa kingamwili hizo si uthibitisho wa ugonjwa. Kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo, na hata dawa kama haidralazini, itumiwayo kwa shinikizo la damu, huweza kuzisababisha. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kifua kikuu nacho huleta kikohozi chenye damu na matundu mapafuni. Mgonjwa wake akipewa dawa kali za kupunguza kinga kwa kuaminiwa karatasi moja ya majibu, maradhi yake hupata nafasi ya kuenea.

Majibu hasi nayo hayamtoi mtu hatarini. Wako wagonjwa wa kweli wasio na kingamwili hizo. Katika aina iambatanayo na pumu, wenye majibu chanya kwa kawaida hawafiki nusu. Figo huweza kuharibika pasipo maumivu, huku mtu akijifariji kwa neno “hasi”.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo. Msinunue kipimo hiki kwa ajili ya uchovu tu au maumivu ya viungo. Mkiagizwa, ulizeni kinatafutwa nini, na majibu yatabadili nini katika matibabu. Mtajieni daktari dawa zote mnazotumia. Ulizeni kama mkojo umepimwa damu na protini, na kama kifua kikuu kimechunguzwa. Mara nyingi kipande kidogo cha nyama ya kiungo kilichoathirika, kikitazamwa kwa hadubini, hutoa ushahidi ulio imara zaidi. Walio katika matibabu wasiache wala kuongeza dawa kwa sababu tu kiwango cha kingamwili kimeshuka au kupanda.

Mwisho, anayekohoa damu, au ambaye mkojo wake umekuwa na rangi ya chai, asikae nyumbani kungoja majibu ya maabara. Aende hospitali siku hiyo hiyo.